Kamashini ka Mama Henriette

Kapata, Kolwezi, tarehe 14 Oktoba 2024

Yaya Kisimba, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, mkeo mama Jocelyne na binti yenu Annie. Sisi huku Kapata tuko wazima. Mvua imeanza mapema, na bati la jikoni linavuja palepale lilipokuwa linavuja mama akiwa hai, kwa hiyo napika huku nimeweka sufuria ya pili chini. Kazi iko. Nimehamisha kibanda changu cha kupiga barua na fotokopi karibu na soko, na tangu asubuhi watu wanapanga mstari kuandikisha maombi ya kazi katika migodi. Nawaandikia wote kwamba ni wachapa kazi.

Usishangae kupata karatasi. Tangu tulipomzika mama nimekupigia simu mara nyingi, inaita mpaka inakata. Tata Karim, dereva wa lori linaloleta samaki na chumvi kutoka mpakani, ananiambia kila akipita Dilolo anakuona mbele ya karakana unatengeneza simu za watu. Basi nimempa bahasha hii. Yeye atahakikisha umeipokea mkononi.

Jambo lenyewe ni dogo. Unakumbuka kamashini ka mama, kale kaordinateri, kakompyuta kadogo ka bluu ulikokatengeneza mwenyewe kalipoharibika mwaka 2021? Kamekufa. Ukikawasha kanaandika mistari myeupe kwamba sisteme ya kukaendesha haipatikani, kisha kananyamaza. Fundi wa hapa aliniambia nilete CD ya kuwekea sisteme mpya. Nikamgeuzia kamashini pande zote nne, hakuna mahali pa kuingizia CD. Akacheka, akasema nikauze kwa mtu wa vyuma chakavu.

Sitaki kukauza. Nataka nikatumie kibandani, maana mashine yangu kubwa inazimika kila umeme ukikatika. Nieleze namna ya kufanya, hatua moja moja, kama mtu anayemweleza mtu asiyejua kitu.

Habari nyingine: Kwaya Umande, ile ya mama, itazindua albamu yake katika ukumbi wa kanisa, Jumapili tarehe 9 Machi. Maestro Gael, mwalimu wa kwaya, amealika hata watu wa redio. Wimbo wa "Shimo Halina Jina" unapigwa redioni kila asubuhi, na mtangazaji anasema mtunzi ni Gael. Nausikia nikiosha uso. Ni wimbo wa mama.

Mdogo wako,
Tatiana


Dilolo, le 9 Novemba 2024

Mudogo wangu Tatiana,

Yambo sana. Mi niko, Jocelyne eko, Annie eko naye, anasoma mwaka wa sita sasa na anapenda kuimba kupita kusoma. Huku Dilolo joto imezidi. Treni ilifika mara moja tu mu mwezi wote, na bantu ba soko banalalamika kama bitu bimepanda bei. Mi nashukuru tu kazi iko.

Unisamehe juu ya simu. Mikro yake iliharibika, na network ya huku unaijua.

Sasa sikia vizuri. Kamashini kale hakahitaji CD. Mu bahasha hii utakuta kle ya USB, ile flash ndogo. Nimeweka sisteme mupya ndani yake, ile ya bure, na nimeitayarisha ili mashine iweze kuanzia humo. Batri inaweza kuisha katikati ya kazi, kwa hiyo ungojee umeme uko. Ingiza kle mu tundu ya kushoto. Washa, na papo hapo bonyeza F2, bonyeza-bonyeza bila kuchoka, mpaka kioo chake kiwe ekrani ya bluu. Humo utaona orodha ya bitu byenye mashine inaanza nabyo. Pandisha USB iwe juu ya disk. Kisha F10, kubali. Itazima, itawaka tena, itaanza kusoma kle pole pole. Usiwe na haraka, ni mashine ya zamani.

Itakuuliza lugha, chagua Kifaransa. Kisha itauliza kama iweke sisteme mupya pembeni ya ile ya zamani, ama ifute disk yote. Chagua kufuta yote. Usijaribu ile ingine, utaharibu. Ikimaliza, toa kle mbele haijawaka tena. Ni hayo tu.

Juu ya kwaya, mudogo wangu, usijisumbue. Maestro Gael ni mutu mwenye bantu nyuma yake. Mama ameshapumzika. Tumwache apumzike.

Yaya wako,
Kisimba


Kapata, tarehe 30 Novemba 2024

Yaya,

Salamu kwenu nyote. Kle ilifika tarehe 22, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa. Mwambie Annie nimefurahi kusikia anaimba. Huku mama Marlène, yule wa sauti ya kwanza katika kwaya, amepata mjukuu. Nyumba ya jirani imeuzwa kwa mtu wa machimbo ya Mutoshi mwenye gari mbili.

Nilifuata kila ulichoandika. Nilibonyeza F2 mpaka kidole kikauma, ekrani ya bluu ikatokea, nikapandisha USB, nikakubali. Mashine ikawaka na kuandika kwamba sisteme hii ni ya prosesa ya biti 64, na yake ni ya biti 32. Ikakataa. Nikarudia mara tatu.

Yaya, wewe ulikafungua kamashini haka kwa bisibisi yako, mezani hapa, mama amekushikia taa. Hukujua ni ka biti ngapi?

Na umeniandikia kwamba mama ameshapumzika. Hukuwepo kuona namna alivyopumzika, acha nikuambie. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya kumuuliza Gael kwa nini anarekodi nyimbo zake bila jina lake. Watu arobaini walikuwa wamekaa. Gael akamjibu kwa sauti, "Mama Henriette, mwenye nyimbo ni mwenye karatasi. Na sauti yako imechoka. Tangu leo ukae nyuma na wageni." Mama alirudi nyumbani, akavua joho la kwaya, akalifua, akalipiga pasi, akalikunja, akanituma nilirudishe. Hakuimba tena hata jikoni. Mwezi wa tatu tukamzika. Daktari aliandika damu kupanda. Mimi ndiye niliyepiga chapa tangazo la kilio, nikaandika hivyo hivyo, lakini sikuamini.

Watu walilala hapa siku saba. Kila lori likisimama nilitoka nje kuangalia kama ni wewe.

Karatasi gani, Yaya? Nimeuliza watu wa kwaya, kila mmoja anaangalia pembeni.

Nitumie kle nyingine, iliyo sahihi.

Tatiana


Dilolo, le 27 Desemba 2024

Mudogo wangu,

Noeli njema, hata kama imeshapita. Tulikula kuku, tukaimba kidogo. Annie alikuwa na malaria siku ine, sasa eko muzuri. Tata Karim alichelewa sana safari hii, barua yako ilinifikia tarehe 23 imelowa kwenye kona.

Nisamehe juu ya kle ya kwanza. Bitu ni bingi mu karakana, nilichanganya. Hii ndani ni ya biti 32, nimeijaribu mi mwenyewe. Fanya sawa vile nilikuandikia. Ikikuuliza, futa disk yote. Usikae kusoma-soma kila kitu chenye inaandika, itakuchanganya tu. Bonyeza kufuta, ungojee, umemaliza.

Kwa hayo mengine yenye uliandika, nimesoma.

Kisimba


Kapata, tarehe 18 Januari 2025

Yaya,

Heri ya mwaka mpya. Nashukuru Mungu kwa afya ya Annie. Mimi niko mzima.

Kle hii imekubali. Niliwasha kamashini Jumamosi iliyopita, umeme ulikuwepo mchana kutwa. Lakini nilipofika pale pa kufuta, mashine iliandika kwa herufi nyekundu kwamba kila kilichomo ndani ya disk kitapotea na hakitarudi. Wewe uliniambia nisisome. Mimi kazi yangu ni kusoma, Yaya, watu wananilipa kwa hiyo. Nikasimama hapo.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu, unijibu kwa neno moja: ndani ya disk kuna kitu cha mama?

Tatiana


Dilolo, le 5 Februari 2025

Mudogo wangu,

Tuko bazima wote. Mvua imekata barabara karibu na Kasaji, malori yanalala njiani.

Hakuna kitu. Mi mwenyewe niliangalia disk nilipokatengeneza, ilikuwa tupu, na mama hakujua kutumia zaidi ya kuwasha na kuzima. Futa bila hofu. Ukimaliza unijulishe tu kwamba umefuta.

Kisimba


Kapata, tarehe 20 Februari 2025

Kisimba,

Safari hii sianzi na salamu.

Siku ile ya tarehe 11 Januari, baada ya kusimama mbele ya herufi nyekundu, nilirudi nyuma ukurasa mmoja. Hapo mashine ilikuwa imeandika njia ya tatu usiyonitajia, ya kujaribu sisteme kutoka ndani ya kle bila kuweka wala kufuta kitu. Nikaichagua. Baada ya dakika kumi kamashini kakafunguka. Disk ya mama ilikuwa pale pembeni, na ndani yake rekodi sitini na moja.

Ndiyo. Nilipokuandikia tarehe 18 kukuuliza kama kuna kitu, nilikuwa nimekwisha kuzisikiliza zote. Nilitaka kuona utasema nini. Sasa nimeona.

Mama alijua zaidi ya kuwasha na kuzima. Kila rekodi anaianza kwa kutaja siku. "Leo tarehe tatu, mwezi wa tano, 2019. Mi Henriette. Wimbo mupya. Ni wa bale bantu ba Mutoshi benye udongo uliangukia." Kisha anaimba "Shimo Halina Jina" yote, anakosea ubeti wa pili, anajicheka, anarudia. Mwaka 2019 Gael hakuwa hata amefika katika kwaya yetu.

Sasa nakunakilia rekodi ya mwisho kabisa, neno kwa neno, jinsi ninavyonakili barua za wateja.

"Leo tarehe makumi mbili na sita, mwezi wa kumi na mbili, 2022. Mi Henriette. Wimbo hauna jina bado." Anaimba mstari mmoja. Mlango unalia. Mama hazimi mashine.

"Kisimba, ikala hapa pa kiti. Gael anasema eko na karatasi yenye ulisinye jina yako. Ni kweli?"

"Mama, maliza kuimba kwanza."

"Ni kweli?"

"Ndiyo, mama. Nilisinye."

"Inasema nini?"

"Kama nyimbo ni yeye alitunga. Kama weye ulifundisha tu sauti."

"Na weye unajua ni nani alitunga."

"Najua, mama."

"Basi sababu gani?"

"Nilichoka shimo. Kila siku Mutoshi, kila siku banazika mutu. Shemeji ya Gael eko na karakana Dilolo. Alisema nikisinya, atanipatia kazi."

Hapo nasikia kiti kinasogezwa. Kisha mama anakuuliza kama umekula, nawe unasema bado, na nasikia anafunua sufuria.

Alikupa chakula, Kisimba. Wiki chache baadaye akaenda kusimama mbele ya watu arobaini akijua ni mwanawe aliyempa Gael ile karatasi, akavumilia aibu bila kutaja jina lako. Hata mimi hakuniambia. Nilikaa naye mpaka pumzi ya mwisho, akakuficha.

Mimi sitakuficha.

Maestro Gael amenipa kazi siku ya uzinduzi. Amekuja mwenyewe kibandani, akaniomba nionyeshe maneno ya nyimbo ukutani na kupiga muziki kwenye bafle, zile spika kubwa, wakati wa mapumziko. Nilimwambia nina kamashini kadogo kanakotosha. Akanishukuru, akaniita mwanangu.

Nitapiga rekodi ya tarehe tatu Mei. Akikana, nitapiga hii ya kwako mpaka mwisho. Ukitaka isisikike, njoo usimame ukumbini useme mwenyewe. Ukishindwa kuja, andika ulichofanya, saini kama ulivyosaini ile nyingine, na karatasi inifikie kabla ya Jumapili tarehe 9 Machi. Sikutishi. Nakuarifu.

Tatiana


Dilolo, le 1 Machi 2025

Tatiana,

Tata Karim amenipatia barua yako leo asubuhi, naye anarudi Kolwezi saa sita. Nimemuomba aningojee. Anapiga honi.

Yote ni kweli. Nimeandika karatasi ingine, iko mu bahasha hii, nimesinya mbele ya Jocelyne, naye amesinya kama shahidi. Mbele ya leo Jocelyne hakujua kitu. Aliweka kalamu chini, akatoka nje.

Mi nilinakili nyimbo za mama mwaka 2021, siku ile niko natengeneza kamashini. Gael alisema ni juu ya kufundisha kwaya. Kisha alileta karatasi. Niliisoma mara mbili, usifikiri sikuisoma.

Kle ya kwanza nilijua kama ni ya biti 64. Nilitaka uchoke, ukauze kamashini. Ulipokataa kuchoka, nilitaka ufute. Nilijua sauti ya mama iko humo, na nilitaka ipotee kwa mukono yako weye, ili siku moja nisiwe peke yangu mwenye makosa juu yake. Hii sikuiandika kwenye karatasi ya kusomwa kanisani. Nakuambia weye.

Juu ya kilio. Nilipanda lori siku ile ile nilipata habari. Nilifika Mutshatsha, katikati ya njia. Hapo dereva aliweka redio, na kwaya ikaimba wimbo wa mama. Nilishuka. Nilikaa njiani siku mbili, kisha nikapanda lori yenye kurudi.

Piga ile rekodi ya wimbo, Gael aumbuke. Ile ya kwangu, nakuomba, usome karatasi pahali pake. Juu ya Annie. Ni hiyo tu ninaomba.

Kisimba


Kapata, tarehe 13 Machi 2025

Yaya,

Barua yako ya tarehe 1 ilinifikia juzi Jumanne, tarehe 11. Tata Karim alinyeshewa Kasaji, lori lilizama mpaka kwenye milango, akalala siku saba kwenye tope. Alikuja moja kwa moja kibandani kabla hata ya kwenda kuoga. Jumapili ilikuwa imepita.

Nitakuambia ilivyokuwa, una haki ya kujua.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kwaya ilivaa majoho mapya. Mimi nilikaa kando na kamashini, waya wa bafle umechomekwa, sisteme inatembea kutoka ndani ya kle yako. Waliimba nyimbo tatu. Kisha mtu wa redio akampa Gael mikro, amweleze "Shimo Halina Jina" ulimjiaje. Gael akafumba macho. Akasema alipita Mutoshi siku udongo ulipoanguka, akasikia wajane wanalia, na wimbo ukamshukia palepale barabarani, maneno na sauti kwa pamoja. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja karibu yangu akafuta machozi.

Nikabonyeza.

"Leo tarehe tatu, mwezi wa tano, 2019. Mi Henriette."

Yaya, ukumbi mzima ulijua sauti ile. Mama Marlène akasimama, mkono mdomoni. Mama aliimba ubeti wa kwanza, akakosea wa pili, akajicheka, akarudia, akaendelea mpaka mwisho. Pasta alikuwa ameinama.

Gael hakukimbia. Alitabasamu, akasema, "Ni mimi niliyemfundisha mama huyu, apumzike kwa amani. Mtoto wake wa kiume alishuhudia hilo kwa maandishi." Akaitoa ile karatasi mfukoni mwa koti. Alikuwa ameibeba! Akamwonyesha pasta jina lako na saini yako.

Basi nikapiga ile ya pili. Yote. Uliposema "najua, mama," nilimwangalia Gael, sikumwangalia mtu mwingine. Nilikuwa nimengoja kuona uso ule tangu siku nilipobeba joho lililopigwa pasi. Aligeukia kwaya haraka, akainua mikono miwili waimbe, wafunike sauti ya bafle. Watu arobaini walimtazama mikono ikiwa juu. Hakuna aliyefungua mdomo. Alikaa hivyo, mikono hewani, mpaka mama kwenye rekodi akakuuliza kama umekula. Ndipo akaishusha, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nilifurahi. Sitakudanganya kwa kusema niliumia.

Pasta amezuia albamu mpaka jina la mama liandikwe kwenye nyimbo zote kumi na moja. Karatasi yako nimempa, anayo. Gael hajaonekana kanisani, wanasema yuko Likasi kwa ndugu zake. Nami kamashini nimekawekea sisteme mpya hatimaye, pembeni ya ile ya zamani, kwa ile njia uliyosema itaharibu. Hakuna kilichoharibika.

Tangu Jumanne najiuliza: barua yako ingefika Ijumaa, ningefanya nini? Ningependa kukuandikia kwamba ningeinyamazisha ile rekodi, nisome karatasi kama ulivyoomba kwa ajili ya Annie. Lakini mimi na wewe tumedanganyana vya kutosha miezi mitano hii. Ningeipiga, Yaya. Ningeweka karatasi yako kwenye mkoba na kuipiga hivyo hivyo.

Kuna watu waliorekodi ukumbini kwa simu. Siwezi kuzuia inakokwenda, na sijajaribu.

Tatiana


Dilolo, le 6 Aprili 2025

Mudogo wangu Tatiana,

Jocelyne eko. Annie eko. Mi niko.

Karakana nimeacha. Shemeji ya Gael hakunifukuza, aliniambia tu kama bantu banakuja kunitazama na si kutengeneza simu. Sasa natengenezea mbele ya nyumba. Wateja beko, kidogo kidogo.

Rekodi ilifika huku mbele ya barua yako. Inatembea mu simu za bantu kutoka Kolwezi mpaka hapa mpakani.

Alhamisi Annie alirudi masomoni, akachukua simu ya mama yake. Mi nilikuwa mezani na bisibisi. Nikasikia mama anataja tarehe. Sikusimama kumuzuia.

Annie akasema, "Papa, ni kambo Henriette!" Alifurahi, Tatiana. Hakuwa amesikia sauti yake tangu alikuwa mudogo. Akaongeza sauti, akaanza kuimba naye ule mstari mumoja. Kisha mlango ukalia mu simu, na akanyamaza kusikiliza. Jocelyne alikuwa anaosha sahani, aliacha maji yanatiririka.

Ilipoisha, Annie aliniuliza, "Na huyu mwanaume mwenye kusema alisinya, ni nani?"

Sauti mu simu ilikuwa mbaya, yenye kukwaruza, hata jina yangu haikusikika vizuri. Ningeweza kutaja jina la mutu yeyote. Nikamuambia, "Ni mi."

Hakulia. Aliweka simu juu ya meza, akaisukuma kidogo mbali naye. Akakaa. Nilisikia Jocelyne anafunga maji. Kisha Annie akaniuliza, bila kukasirika, sawa vile anauliza hesabu ya shule:

"Na mi nikitunga wimbo, Papa, nitauficha wapi?"



Kisimba